Kifungo Huisha, Faili Hubaki

Kwa miaka mingi jimbo la Michigan nchini Marekani lilikuwa na sheria ya huruma ambayo karibu hakuna aliyeitumia. Mtu aliyepatikana na hatia mara moja, akatumikia adhabu yake na kukaa miaka mitano bila kurudia kosa, aliruhusiwa kwenda mahakamani kuomba rekodi yake iondolewe machoni pa umma. Watafiti wawili wa sheria, J.J. Prescott na Sonja Starr, walipitia takwimu za jimbo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Kati ya watu wote waliotimiza masharti, waliokuwa wamefutiwa rekodi ndani ya miaka mitano tangu wapate haki hiyo walikuwa asilimia 6.5. Wengine waliendelea kubeba doa ambalo sheria ilikwisha kukubali liondolewe.

Mjadala wa kufuta rekodi za jinai huanzia kwenye swali la nani anastahili: mwizi wa kuku au jambazi wa benki, kijana wa miaka 18 au mtu mzima mwenye akili zake. Swali hilo lina uzito na nitalifikia. Lakini Michigan inatulazimisha kutanguliza jingine: kazi ya kufuta ni ya nani? Ikiachiwa mwenye rekodi, huruma ya sheria haimfikii. Msimamo wangu ni kwamba rekodi ya mtu aliyetulia kwa miaka ya kutosha inapaswa kufutwa na serikali ileile iliyoiandika, bila yeye kuomba, na ufutaji huo ufuate kila mahali nakala ilikopelekwa. Sehemu ya kwanza imeanza kutekelezwa katika nchi kadhaa. Ya pili imewashinda wengi.

Tuitazame njia aliyopitia mwombaji wa Michigan. Alianza kwa karani wa mahakama iliyomhukumu, kuchukua nakala ya hukumu yenye muhuri. Akajaza fomu na kuisaini mbele ya mthibitishaji viapo. Akaenda kituo cha polisi kupigwa alama za vidole kwenye kadi, akalipa dola 50 za polisi wa jimbo, na nakala za ombi zikapelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo na kwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Kisha akasubiri tarehe, akafika mbele ya hakimu, na hakimu alikuwa huru kumkatalia hata kama kila karatasi ilikuwa sawa. Karibu kila hatua hapo ni siku ya kukosa kazini, na anayetakiwa kuikosa ni mtu ambaye, kwa sababu ya rekodi hiyohiyo, anaishi kwa vibarua vya kutwa. Louisiana nayo iliweka bei ya dola 550. Tena wapo wengi ambao hawakujua kabisa kwamba haki hiyo ipo. Siku ya hukumu hakuna aliyewaambia, na miaka mitano baadaye hakuna aliyewatafuta. Aliyewahi kusimama kizimbani pia hana hamu ya kurudi mahakamani, hata akiitiwa heri.

Wachache waliofanikiwa walifaidika kweli. Ndani ya mwaka mmoja kipato chao kilipanda kwa zaidi ya asilimia 22 kwa wastani, hasa kwa kuwa wasio na kazi walipata kazi na waliokuwa wakibangaiza walipata ajira ya kueleweka. Katika miaka mitano iliyofuata, waliokamatwa tena kwa kosa lolote walikuwa asilimia 7.1, na waliopatikana na hatia ya kosa la kutumia nguvu hawakufika asilimia moja. Ni kweli kwamba mtu anayejihimu kuipita njia ile ndefu huenda tangu mwanzo alikwisha kujirekebisha, kwa hiyo hatuwezi kusema kila atakayefutiwa atakuwa hivyo. Lakini anayedai kwamba kufuta rekodi ni kuwaachia wahalifu mitaani ana deni la kueleza takwimu hizo.

Mwaka 2018 Pennsylvania ikawa jimbo la kwanza kugeuza utaratibu. Gavana Tom Wolf alitia saini sheria iliyoagiza mifumo ya kompyuta ya mahakama na ya polisi wa jimbo itafute yenyewe rekodi zilizotimiza masharti na kuzifungia: kesi ambazo hazikuishia kwenye hatia, makosa madogo kabisa ya faini, na makosa mengine madogo ambayo mhusika alikuwa amekaa miaka 10 bila hatia mpya. Kazi ilianza Juni 2019. Katika mwaka wa kwanza zilifungiwa kesi zaidi ya milioni 30, na hakuna mhusika hata mmoja aliyelazimika kupanga foleni kwa karani. Michigan yenyewe ikafuata. Sheria zake mpya zilipitishwa mwaka 2020, na tangu Aprili 2023 makosa madogo hufungiwa baada ya miaka 7 na makubwa baada ya 10. Ya New York ilitiwa saini Novemba 2023, miaka 3 kwa makosa madogo na 8 kwa makubwa, ikiacha nje makosa ya ngono na makosa mazito kama mauaji.

Hata hivyo kompyuta hufuata ilichoandikiwa. Sheria ya kwanza ya Pennsylvania ilimnyima nafuu yeyote aliyekuwa anadaiwa faini au gharama za mahakama, hata kama deni ni dogo na kosa ni la zamani. Maskini wakabaki nje kwa umaskini wao. Mwaka 2020 wabunge walilirekebisha jambo hilo: deni la faini na gharama halizuii tena, bali fidia ambayo mtu anadaiwa na aliyemuumiza inaendelea kuzuia. Naona walitenganisha mahali panapostahili. Serikali inaweza kudai faini zake kwa njia nyingine, lakini aliyeibiwa au kuumizwa hapaswi kuona faili la mkosaji wake likifungwa kabla hajalipwa. Kuna pia tatizo la mafaili mabovu. Kesi ya zamani inayoonyesha kwamba fulani alikamatwa, bila kuonyesha iliishaje, mashine haiwezi kuiamulia.

Ni nini hasa kinachofanyika rekodi inapofutwa? Kwa baadhi ya kesi karatasi huharibiwa na jina hutolewa kwenye daftari. Kwa kesi nyingi zaidi, na sheria mpya za Marekani karibu zote ni za namna hii, faili hufungiwa: mwajiri, mwenye nyumba na jirani mdadisi hawalioni, ila polisi, waendesha mashtaka na mahakimu wanaliona. California ina utaratibu wake wa miaka mingi ambao mahakama huondoa hatia na kuitupa kesi, lakini mtu huyo akiomba leseni ya serikali ya jimbo au nafasi ya umma, bado anatakiwa kuitaja. Serikali kuu ya Marekani haina sheria ya jumla ya kufuta hatia zilizotolewa na mahakama zake. Rais Joe Biden alipowasamehe Oktoba 2022 waliohukumiwa na mahakama za shirikisho kwa kukutwa na bangi tu, waliondolewa adhabu na baadhi ya vikwazo, lakini hatia yenyewe ilibaki kwenye mafaili. Msamaha wa kiongozi ni jambo moja na usafi wa faili ni jambo jingine. Tukifika Nairobi tutaikuta tofauti hiyohiyo.

Halafu kuna nakala. Mtu anapokamatwa Marekani habari zake huandikwa kituoni, zikapelekwa kwa polisi wa jimbo, zikaenda FBI, zikaingia mahakamani. Kutoka mahakamani, kampuni binafsi huzinunua kwa mafungu na kuwauzia waajiri na wenye nyumba za kupangisha. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inazikataza kampuni hizo kutoa habari za kukamatwa kulikopita miaka saba na kusikoishia kwenye hatia, kwa kazi nyingi za kawaida. Kwa hatia haiweki kikomo chochote. Kampuni iliyonunua orodha mwaka juzi inaweza isijue kwamba mwaka jana jaji aliamuru faili lifungwe. Ndiyo maana mtu huweza kuwa na amri ya mahakama mfukoni na bado akanyimwa chumba cha kupanga kwa kosa ambalo kisheria halipaswi tena kuonekana.

Magazeti nayo yana kumbukumbu zake. Tovuti ya habari ya Cleveland, Ohio, ilianza mwaka 2018 kupokea maombi ya watu wanaotaka majina yao yatolewe kwenye habari za zamani za makosa madogo, na The Boston Globe likafanya hivyo mwaka 2021. London, Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi za wafanyabiashara wawili waliotaka Google iache kuonyesha habari za hatia zao za zamani, wakiitwa NT1 na NT2 ili kuwaficha. NT2 alishinda. NT1 alishindwa, kosa lake likiwa zito zaidi na yeye akiwa hajaonyesha majuto. Mahakama ilipima tabia ya kila mmoja baada ya adhabu, na hapo naona busara, ingawa ni busara inayowafikia wenye uwezo wa kulipa mawakili.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo? Jibu ninalolikumbuka kila mara ni utafiti wa Devah Pager, mwanasosholojia wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2003. Aliwatuma vijana wa kiume kuomba kazi katika mji wa Milwaukee wakiwa na sifa zinazolingana, Wazungu kwa Wazungu na Weusi kwa Weusi, mmoja akijitaja kuwa aliwahi kufungwa na mwenzake akiwa safi. Mzungu asiye na rekodi aliitwa tena na asilimia 34 ya waajiri. Mzungu mwenye rekodi, asilimia 17. Mweusi asiye na rekodi, asilimia 14. Mweusi mwenye rekodi, asilimia 5. Kijana Mweusi ambaye hajawahi kukosa alikuwa na nafasi ndogo kuliko Mzungu aliyejitaja kuwa ametoka gerezani, na rekodi ilipomwangukia yeye ilimpunguzia nafasi kwa karibu theluthi mbili. Anayesema rekodi ni habari tu, kila mwajiri aipime atakavyo, ajiulize waajiri hao walikuwa wakipima nini.

Jambo hilo lilizaa sheria nyingine, zinazomkataza mwajiri kuuliza habari za hatia kwenye fomu ya kwanza ya maombi. Hawaii ilitangulia mwaka 1998 na majimbo na miji mingi ikafuata. Nia ilikuwa njema, matokeo yakawa na uchungu. Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 15,000 New Jersey na New York, kabla na baada ya sheria hizo. Kwa waajiri waliokuwa wakiuliza swali hilo awali, pengo la kuitwa kazini kati ya majina ya Kizungu na majina ya Weusi lilitoka asilimia 7 hadi asilimia 43. Mwajiri alipoondolewa swali, alikisia kwa kutazama jina. Wapinzani wa kufuta rekodi huutumia utafiti huu, na wana haki ya kusikilizwa. Mimi naupokea kwa namna nyingine. Sheria za fomu huahirisha tu: mwajiri anajua rekodi itatokea baadaye, basi anaamua kujiepusha mapema. Rekodi iliyofutwa haitatokea. Mwombaji aliyefutiwa huonyesha cheti safi, na mwajiri mwenye cheti mkononi hana sababu ya kukisia.

Sasa lile swali la nani anastahili. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1980, wakauliza: baada ya muda gani bila kosa, hatari ya mtu huyo kukamatwa tena inalingana na ya mtu yeyote wa umri wake? Kwa aliyekamatwa na miaka 18 kwa unyang'anyi, takriban miaka 7.7. Kwa wizi wa kuvunja nyumba, 3.8. Baada ya hapo rekodi haimwambii mwajiri chochote cha ziada kuhusu kesho. Muda wa kungoja basi una msingi wake, na wabunge hawahitaji kuubuni kwa hasira. Yapo makosa ambayo siwezi kutetea yafichwe kwa kila mtu. Aliyemdhulumu mtoto asikabidhiwe watoto, na mzazi ana haki ya kujua hivyo. Lakini haja hiyo inahusu kazi fulani na watu fulani. Haimpi mwenye duka la nguo haki ya kufukua maisha yote ya muuzaji wake.

Uingereza ilikwisha kulifahamu hilo zamani. Sheria yake ya mwaka 1974 husema hatia hukoma kuhesabika baada ya muda, bila mtu kuomba. Tangu Oktoba 2023, kifungo cha hadi mwaka mmoja hukoma mwaka mmoja baada ya kumalizika. Cha zaidi ya mwaka hadi miaka minne, miaka minne baadaye. Na hata vifungo virefu zaidi, isipokuwa kwa makosa mazito ya nguvu, ngono na ugaidi, hukoma baada ya miaka saba. Ukiulizwa na mwajiri wa kawaida, unaruhusiwa kisheria kusema huna hatia. Lakini kazi za kulea watoto, wagonjwa na wazee zimetengwa, na huko ukaguzi huchimba zaidi. Waswahili wengi walioko Uingereza wanafanya kazi hizohizo katika nyumba za wazee, kwa hiyo wanaijua sehemu kali ya sheria kuliko ile pole.

Ukali huo ulifikishwa katika Mahakama ya Juu ya Uingereza, nayo ikatoa uamuzi Januari 2019. Mmoja wa walalamikaji, aliyeitwa P, alikuwa mwanamke ambaye mwaka 1999, akiwa hana makao na anaugua ugonjwa wa akili ambao ulikuwa haujatambuliwa, aliiba sandwichi dukani. Miezi michache baadaye aliiba kitabu cha peni 99. Aliachiliwa kwa masharti. Kwa kuwa hatia zilikuwa zaidi ya moja, kanuni ya wakati huo ilizitaka zitajwe maisha yake yote kila alipoomba kazi ya kusaidia walimu shuleni. Kila alipoomba alilazimika kuzieleza, na kuzieleza kulimlazimu kumsimulia mgeni ugonjwa wake. Mahakama iliona kanuni hiyo inakiuka haki ya faragha, ikaondolewa Novemba 2020. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita. Nani alilindwa muda wote huo?

Ufaransa ilichagua njia ambayo kwangu ni ya maana kuliko zote na inazungumzwa kidogo mno. Daftari la hatia lina taarifa za ngazi tatu. Ya kwanza, iliyo kamili, huonwa na mahakama tu. Ya pili hutolewa kwa ofisi za serikali na waajiri wa kazi nyeti. Ya tatu ndiyo anayoweza kuichukua mtu mwenyewe na kumpa mwajiri wa kawaida, na humo hubaki hasa hatia za vifungo vizito vya zaidi ya miaka miwili. Kosa dogo haliingii kabisa kwenye karatasi anayoibeba mtu mkononi, na hapahitajiki kumsubirisha miaka kumi ili lifichwe.

Sasa niseme na wasomaji walioko Marekani, kwa kuwa hapa watu wetu wanaumia kwa kutojua. Wakongo waliopokewa kama wakimbizi Kentucky, Texas na Ohio, Wakenya wa Minnesota na Massachusetts, Watanzania wa Houston: yeyote asiye raia asidhani kwamba rekodi iliyofutwa na jimbo imefutwa pia kwa maofisa wa uhamiaji. Haijafutwa. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliandika maana yake lenyewe ya hatia kwa mambo ya uhamiaji, na mwaka 1999 bodi ya rufaa za uhamiaji ikaamua kwamba ufutaji wa jimbo kwa sababu ya kujirekebisha hauibatilishi hatia hiyo. Tena maana hiyo ni pana. Ukikiri kosa, na hakimu akakuwekea masharti au adhabu yoyote, kwa uhamiaji umepatikana na hatia, hata kama hakimu hakuandika hukumu. Texas ina utaratibu wa namna hiyo: mtu hukiri, huwekwa chini ya uangalizi, akimaliza salama kesi hutupwa. Wakili humwambia hana hatia. Kwa sheria ya jimbo ni kweli, lakini ofisa wa uhamiaji anayefungua faili lake ataona hatia.

Fomu ya kuomba uraia yenyewe imeandikwa kuziba mwanya huo. Inamtaka mwombaji ataje kila alipokamatwa au kushtakiwa hata kama rekodi ilifungwa au kufutwa, na hata kama jaji, polisi au wakili alimwambia hana tena rekodi. Anayejibu hapana kwa kuamini karatasi ya jimbo hujiongezea tuhuma ya kusema uongo, nayo inaweza kumdhuru kuliko kosa lenyewe. Kisha maofisa hutaka nakala ya matokeo ya kesi yenye muhuri wa mahakama, na ikiwa faili limeharibiwa, mwombaji hana cha kuonyesha. Kwa hiyo, kabla ya kuomba kufutiwa chochote, nenda kwa karani uchukue nakala mbili au tatu zenye muhuri, uzihifadhi, kisha umwone wakili wa uhamiaji, si wa jinai peke yake. Penye ufungaji wa faili wa moja kwa moja, usingoje kompyuta ikutangulie.

Kinachoweza kuiondoa hatia mbele ya uhamiaji ni mahakama kuibatilisha kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa na kasoro. Kwa hilo kuna uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2010, katika kesi ya José Padilla, dereva wa malori mzaliwa wa Honduras aliyekiri kosa la bangi Kentucky baada ya wakili wake kumhakikishia kwamba hatafukuzwa nchini. Mahakama ilisema wakili anawajibika kumweleza mteja asiye raia madhara ya kukiri, na asipofanya hivyo ametoa utetezi ulio chini ya kiwango cha katiba. Wapo ambao kesi zao zilifunguliwa upya kwa msingi huo.

Na nyumbani? Kenya ina nusu moja tu ya mfumo. Cheti cha tabia njema tunacho. Mtu huomba kwenye eCitizen, hulipa shilingi 1,050, huchapisha fomu ya C24, huenda kituo cha Huduma au makao makuu ya upelelezi kupigwa alama za vidole, na kusubiri. Dereva wa matatu hapati beji bila cheti hicho. Mwalimu hasajiliwi bila hicho. Askari wa kampuni za ulinzi hutakiwa awe nacho, na binti anayekwenda kufanya kazi Saudia kadhalika. Tunachokosa ni sheria ya jumla inayomwezesha mtu mzima aliyetumikia adhabu kuona hatia yake ikikoma kuhesabika baada ya muda fulani. Ibara ya 133 ya Katiba inampa rais mamlaka ya kusamehe, kuahirisha adhabu, kuipunguza au kuibadilisha. Rekodi haitajwi. Tanzania nayo hutoa hati ya tabia njema kwa kutumia alama za vidole.

Tuone walioko chini ya mzigo huu. Mchuuzi amekamatwa Ijumaa jioni na askari wa kaunti, amelala seli Jumamosi na Jumapili, Jumatatu anasimama mbele ya hakimu pamoja na wenzake. Nje ndugu amembebea pesa. Ushauri wa kila mtu ni uleule: kubali kosa, lipa faini, uende nyumbani. Anakubali. Hakimu hamwambii kwamba alama za vidole zilizochukuliwa zinaweza kumrudia siku atakapoomba kazi ya udereva, wala hana wakili wa kumwambia. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwaadhibu watu kwa uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika na nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Tukikubali kwamba sheria hizo hazikuwa halali, waliohukumiwa kwazo wanabakije na doa? Afrika Kusini ilipoandika sheria yake ya kufuta rekodi, iliamuru hatia zilizotokana na sheria za ubaguzi zifutwe zenyewe.

Wakubwa wamejiwekea masharti mepesi zaidi. Ibara ya 99 ya Katiba ya Kenya inamzuia kugombea ubunge mtu aliye chini ya kifungo cha miezi sita au zaidi, na kizuizi hicho hakimgusi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inamzuia kugombea urais aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Ikipita mitano, hatia hiyo haimzuii. Kwa rais mtarajiwa tumeweka kikomo. Kwa mlinzi wa getini hatujaweka.

Kuwa na sheria ya kurejesha hadhi hakutoshi pia ikiwa uamuzi uko mkononi mwa dola na mwombaji ni mpinzani wake. Rwanda ina utaratibu huo mahakamani. Mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire, aliyehukumiwa miaka 15 na kutolewa kwa msamaha wa rais mwaka 2018, aliomba kurejeshewa hadhi. Machi 2024 Mahakama Kuu ilikataa, na njia yake ya kugombea urais Julai mwaka huo ikafungwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka muda uamue badala ya mtu: tarehe ikifika, haijali umepigia kura nani.

Kenya haihitaji kuanza na sheria kubwa. Ibara ya 35 ya Katiba tayari inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha zinazomuathiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeongeza nguvu. Aliyeachiliwa huru, au kesi yake ikaondolewa, asilazimike kuzunguka na karatasi za mahakama kuomba faili lake lisahihishwe. Mahakama na idara ya upelelezi ziwe zinapashana habari siku ileile ya uamuzi. Hakimu alazimike kumweleza mshtakiwa, kabla hajakubali kosa, kwamba hatia hiyo inaweza kuingia kwenye cheti. Na fomu ya C24 iongezwe sehemu moja ya kujaza: kazi inayoombwa ni ipi. Anayeomba beji ya udereva cheti chake kionyeshe hatia za barabarani na za kutumia nguvu. Faini ya kuuza nyanya mahali pasiporuhusiwa haina kazi humo.